Fundo linaganda nikitaka kushuka: nipunguze mizunguko au nibadili fundo kabisa?

MkataMatawi:
Wakuu, habari. Naomba ushauri kabla sijavunja kidole.

Napanda miti kwa kamba kwa ajili ya kupogoa, mwaka wa pili sasa. Nilianza na fundo la Blake, nikalizoea, lakini ile sehemu yake inayokula joto ikaanza kung'aa na kukakamaa kama mrija wa plastiki. Nikahamia Distel, fundo jingine la kuuma kamba kuu: kamba ndogo ya milimita 8 yenye macho (vitanzi) pande zote mbili, urefu sentimita 80, mizunguko mitano juu na mmoja chini, na kapi dogo chini yake. Kamba kuu ni milimita 13, imepita tawini ikarudi kwangu.

Kupanda hakuna shida. Shida ni nikishakaa mahali robo saa nakata, nikitaka kushuka fundo limeganda. Nalisukuma, wapi. Nalipiga ngumi, linaachia ghafla, nashuka nusu mita roho mkononi. Mwenzangu anatumia vitu hivihivi na halimsumbui. Mimi nina kilo 58, yeye 95. Nihamie VT (Valdotain Tresse, lile fundo la kusuka)?

Pogoapogoa:
Paka sabuni kidogo kwenye ile kamba ndogo. Litateleza kama samaki.

Mzee wa Kamba:
Pogoapogoa, tafadhali futa hiyo. Fundo hili kazi yake yote ni kuuma kamba, wewe unalipaka sabuni! Akianguka utamwokota?

MkataMatawi, jibu umelitaja mwenyewe: 58 na 95. Mizunguko uliyofunga inamfaa mwenzako. Mtu mzito anahitaji mingi ili asiserereke. Mwepesi akiifunga hiyohiyo, msuguano unazidi uzito wake. Tena umeongeza na kamba nyembamba: 8 juu ya 13 inauma kwa nguvu sana, maana kadiri kamba ndogo inavyokuwa nyembamba kuliko kuu ndivyo inavyojichimbia. Jaribu 10.

Ila usibadili vitu viwili kwa pamoja. Anza na mzunguko mmoja: nne juu, mmoja chini. Jaribu ukiwa chini, miguu ikikaribia ardhi, kalia kwa nguvu, tingisha, shuka, panda tena. Likiuma kila mara, ndipo upande.

Tawi la Juu:
Naongeza kwa Mzee. Wengi mnashuka vibaya. Ukikamata fundo zima kwenye kiganja na kulivuta chini, unaibana mizunguko. Weka mkono juu yake, bonyeza ule mzunguko wa juu kabisa taratibu, wenyewe utawafungulia wa chini. Na kama umekaa muda mrefu, kwanza simama kidogo tawini ili uzito uondoke, lichezeshe, halafu kaa tena ushuke. Ngumi haina kazi hapo.

VT inaachia vizuri kuliko Distel, kweli. Lakini ina tabia: misuko yake isipokaa sawa, au miguu yake (zile ncha mbili) ikiwa mirefu kupita kiasi, kuna siku inakataa kuuma. Mimi ninaitumia kila siku na bado naikagua kila ninapokaa. Kwa mwaka wa pili, ningebaki na Distel.

Kamba13:
Swali dogo: mmoja wenu anajua kwa nini Prusik wa kawaida anaganda hata zaidi? Nimeambiwa ni fundo la zamani.

Mzee wa Kamba:
Karl Prusik, Mwaustria, alilieleza mwaka 1931, na linauma pande zote mbili. Ndiyo maana ni zuri kwa kamba ya akiba, na ni adhabu kwa mtu anayepanda na kushuka siku nzima.

Na kabla sijasahau: haya yote ni ya kamba iliyopita tawini ikarudi, ambapo fundo linabeba kama nusu ya uzito wako. Ukienda kwenye kamba moja iliyofungwa, fundo linabeba wewe mzima, na hapo lazima kuwe na kifaa cha kugawana msuguano juu yake. Msichanganye.

MkataMatawi:
Mrejesho. Nimefunga nne-moja, nikakaa nikiwa nusu mita toka ardhini. Likaserereka kiganja kizima, halafu likauma. Nimeogopa, nikarudisha tano.

Tawi la Juu:
Subiri. Ulilipanga kabla ya kukaa? Fundo lililofungwa haraka huwa na mzunguko uliopanda juu ya mwenzake. Lifumue, lifunge upya, mizunguko ilale sambamba bila kupishana, vuta ncha zote mbili kukaza, ndipo ukae. Ukiwa na kamba ya pili ya usalama kiunoni, bila shaka.

MkataMatawi:
Ulikuwa mzunguko wa tatu. Ulikuwa umekalia wa pili, sikuona hata kidogo kwa sababu kamba ni rangi moja. Nimefunga upya nne-moja, nimekaa mara kumi, linauma papo hapo. Na kushuka, kidole kimoja tu. Kesho nanunua ya milimita 10, yenye rangi mbili.

Mzee wa Kamba:
Na hiyo ya zamani ya Blake iliyong'aa, usiihifadhi. Ikate vipande.

MkataMatawi:
Nimeshafungia mbuzi.