Kasha la njumu: ukwaju, dawa ya kopo au liachwe?

BintiMjiWaKale: Assalamu alaykum. Nyanya ameniachia kasha la mbao ya msaji lenye njumu za shaba, ile misumari ya mapambo, na dele lake la kahawa. Vyote vimefubaa. Mama anashikilia ukwaju na chumvi, kaka ameleta dawa ya kopo ya kung'arishia shaba. Nitumie kipi nisiharibu?

MpikaKahawa: Dele ni ukwaju, dada. Nunua Marikiti, uroweke kwa maji moto, sugua kwa kitambaa, suuza mara tatu na ukaushe papo hapo. Ukiuacha ukae, zinki huliwa na shaba ya manjano hutoka madoa mekundu. Chumvi mimi sitii, inakwaruza. Ndani usisugue, kumepakwa bati. Likiwa limebanduka, usinywee kahawa mpaka litiwe upya.

FundiKibokoni: Kwa dele nakubali. Kwa kasha, vyote viwili hapana! Njumu zimepigiliwa kwenye mbao, utazisuuzaje? Maji ya ukwaju yakipenya chini yake, mbao inayanywa na shaba inafanya kutu ya kijani. Dawa ya kopo nayo huacha unga mweupe kuzunguka kila njumu, na kuutoa ni kijiti na subira, njumu moja moja. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa kikavu, basi. Ule weusi ndio umri wa kasha, mimi ningeuacha.

UmmuSalma: Na mbao je? Kwetu tunapaka mafuta ya nazi.

FundiKibokoni: Hayakauki, Ummu. Yananasa vumbi, halafu yananuka. Mafuta ya kitani hukauka, lakini hutia mbao weusi, na matambara yake yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Nta ya nyuki ndiyo bora: kidogo sana, mara moja kwa mwaka, masika yakishapita. Ila kwanza binti alipindue kasha, atazame kama kuna unga wa mbao, alama ya mdudu anayetoboa.

BintiMjiWaKale: Nimelipindua sasa hivi. Unga upo, pembe ya nyuma.

FundiKibokoni: Basi nta ingoje. Angalia kama vitundu viko kwenye ubao wa chini tu. Mara nyingi huo si msaji. Fagia unga wote leo, tandika karatasi nyeusi chini yake, na ulitenge na vyombo vingine vya mbao. Ukiona unga mpya baada ya wiki mbili, mdudu yu hai. Nipigie picha ya vitundu kwa karibu. Mafuta ya taa usimwage, tafadhali.