Uzamili wa epidemiolojia kwa masafa huku niko kazini: nimekwama moduli ya pili, niendelee au niache?

Hadubini_Usiku

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa tisa kazini, zamu za usiku kwa wingi. Miezi saba iliyopita nilianza shahada ya uzamili ya epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, kwa masafa. Moduli ya kwanza nilipita, tena vizuri tu, maana ilikuwa na visa vingi: milipuko, chanjo, nani aligundua nini. Moduli ya pili ni takwimu, na hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Hesabu niliziacha sekondari. Nikifungua mhadhara uliorekodiwa naelewa kila kitu, nikiufunga sina nilichoshika. Hasa mambo mawili. Kwanza, kwa nini kuna uwiano wa hatari na pia uwiano wa odisi, wakati vyote vinalinganisha wagonjwa? Pili, hii konfaunda inayotajwa kila ukurasa, eti kitu cha tatu kinachopotosha ulinganisho. Darasa la moja kwa moja linaangukia saa ninayotoka zamu. Mara mbili nimesinzia na spika za masikioni, nikashtuka mwalimu anaaga.

Je, kuna aliyemaliza hii kitu akiwa kazini? Inachukua muda gani kiukweli, si ule wa kwenye tangazo? Na nikishindwa katikati, naondoka mikono mitupu?

Naomba kuwasilisha.

Safu_na_Mstari

Mkuu, mhadhara mmoja unautazama mara ngapi, na mazoezi yake unayafanya mara ngapi?

Hadubini_Usiku

Mhadhara mara tatu. Mazoezi... naangalia majibu nyuma nione kama ningeweza.

Safu_na_Mstari

Basi ugonjwa umeshajulikana.

Nesi_wa_Zamu

Pole na usiku, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, nilimaliza mwaka juzi baada ya miaka minne na ushei. Nitaandika kirefu, nivumilie, leo niko mapumziko.

Muda upigie hesabu mwenyewe. Kama chuo chako kinafuata mfumo wa Uingereza, uzamili mzima ni krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukipata saa 10 kwa wiki, ni wiki 180, yaani kama miaka mitatu na nusu, bila kuugua, bila kufiwa, bila mkuu wa idara kukuvurugia ratiba. Anayekwambia alimaliza kwa miaka miwili akiwa kazini, muulize ni kazi gani hiyo. Na huondoki mikono mitupu: katika mfumo huo krediti 60 ni astashahada ya uzamili, 120 ni stashahada ya uzamili. Soma kanuni za kozi yako uone kama wanakuruhusu kushukia njiani. Uzisome sasa, usingoje siku ya hasira.

Sasa hayo ya visa. Bila shaka ulimsoma John Snow, daktari wa London aliyechunguza kipindupindu, na bomba la maji la Broad Street, 1854, mpini ukang'olewa. Mimi pia nilikipenda kisa kile nikakipita, kumbe somo lenyewe liko kwenye kazi yake nyingine ya mlipuko uleule. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilihudumia mitaa ileile, nyumba hii inatumia ya huyu, ya jirani inatumia ya yule. Southwark and Vauxhall ilichota mto Thames mahali penye maji taka ya jiji. Lambeth ilikuwa imehamia juu zaidi ya mto mwaka 1852. Snow akazifuata nyumba zilizofiwa kuuliza maji yao ni ya kampuni ipi. Akapata vifo vya kipindupindu 1,263 upande wa kwanza, 98 upande wa pili. Ungeishia hapo mtu angekwambia, "Ah, ya kwanza ilikuwa na wateja wengi." Ni kweli: nyumba 40,046 dhidi ya 26,107. Ndipo unagawanya, unapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, na 37 kwa kila nyumba 10,000. Mara nane na nusu. Ile namba ya chini, ya nyumba, ndiyo epidemiolojia. Ukiiondoa umebaki na orodha ya marehemu.

Odisi nazo zinatokana na namba hiyohiyo ya chini. Kupima hatari lazima ujue watu wote ulioanza nao walikuwa wangapi. Lakini ukiwachukua wagonjwa 100 ambao wameshaugua, na wazima 100 wa kulinganisha nao, hiyo namba huna. Nusu ni wagonjwa kwa sababu wewe umetaka wawe nusu! Hapo hatari haipimiki. Odisi zinapimika, maana kwa wagonjwa unagawanya walioguswa na kitu unachokishuku kwa wasioguswa, kwa wazima hivyohivyo, kisha unalinganisha. Usizifanye pacha tu. Kundi moja wakiugua asilimia 40 na jingine 20, uwiano wa hatari ni 2, ila odisi, yaani waliougua kwa wasiougua, ni 40/60 dhidi ya 20/80, na uwiano wake ni 2.67. Ugonjwa ukiwa adimu, tuseme asilimia 2 dhidi ya 1, odisi zinakupa 2.02, karibu sawa na hatari. Mistari hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika kwenye kabati langu kazini. Daktari mmoja alidhani ni namba za simu.

Konfaunda sikuelezi. Chukua karatasi. Hospitali mbili za kubuni, kila moja wagonjwa 500.

Hospitali A: mahututi 400, wakafa 80. Wenye hali nafuu 100, wakafa 2.
Hospitali B: mahututi 100, wakafa 25. Wenye hali nafuu 400, wakafa 12.

Linganisha kwa jumla, halafu linganisha mahututi kwa mahututi na nafuu kwa nafuu. Andika hapa ungempeleka mama yako wapi na kwa nini. Kwa maneno, siyo namba peke yake.

Mengine kwa haraka. Programu ya takwimu: kama wanaruhusu R, chukua hiyo, ni bure na haikuishii leseni katikati ya tasnifu. Tasnifu yenyewe, anza kutafuta data mapema kuliko unavyodhani. Kamati ya maadili niliyoipitia ilinikalisha miezi mitano, tena walirudisha fomu kwa kuwa ukurasa wa ridhaa haukuwa na namba ya toleo. Miezi mitano! Darasa la alfajiri achana nalo, tazama rekodi ukiwa umelala vya kutosha.

Na tafuta mwenzako mmoja kwenye kozi. Wangu sijawahi kumwona kwa macho. Kila Jumapili tulitumiana picha za karatasi zetu, chafu hivyohivyo, na yeye ndiye aliyegundua kwamba nina kosa moja ninalolirudia kila mara. Mhadhara hauwezi kukwambia hilo, wenyewe haukuoni.

Niliishia_60

Mimi nilishukia kwenye krediti 60 na sijutii. Takwimu ya pili, ile ya rigresheni, iligongana na mtoto mchanga, nikachagua mtoto. Ila mpaka leo nikisikia "hatari imeongezeka maradufu" nauliza maradufu ya ngapi. Kikao kizima kinanichukia.

Safu_na_Mstari

@Nesi_wa_Zamu umemaliza kila kitu dada. Nyongeza moja: kipindi ulichofeli usikiruke kwenda kinachofuata ukisema utarudi. Hutarudi.

Hadubini_Usiku

Asanteni sana. Dada Nesi, karatasi hii hapa, nimeifanyia kwenye mapumziko ya saa tisa usiku.

Jumla: A wamekufa 82 kati ya 500, asilimia 16.4. B 37 kati ya 500, asilimia 7.4. Nikasema basi B bila shaka. Nikaenda kwa mahututi: A 80 gawanya kwa 500, asilimia 16. B 25 gawanya kwa 500, asilimia 5. Bado B. Nafuu: A 0.4, B 2.4. Hapo A ndiyo nzuri. Kwa hiyo mama akiwa mahututi aende B, akiwa nafuu aende A? Sijaona konfaunda iko wapi.

Nesi_wa_Zamu

Umefanya, hilo ndilo nililotaka. Sasa rudi kwenye mahututi wa A. Hao 500 uliowagawanyia wote walikuwa mahututi?

Hadubini_Usiku

Duh. 400. Asilimia 20.

Na B ni 25 kati ya 100... asilimia 25. Nafuu ni 2 dhidi ya 3.

Subiri. Kumbe A ni bora pande zote mbili, ila yenyewe ndiyo inayopokea mahututi wengi?

Nesi_wa_Zamu

Ndiyo, na huo umahututi ndiyo konfaunda. Kugawanya kwa namba ya chini isiyo yake, hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kila Jumapili. Nitumie karatasi ya moduli ya pili, zoezi la kwanza.