Naomba ushauri: kitako cha mfano wa Kilimanjaro kinajikunja

Habari wadau. Ni kazi ya Maarifa ya Jamii: wanafunzi wanakata maboksi kwa kufuata kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), tabaka moja kila mita 500 kuanzia 1,000. Kwenye tabaka la 4,500 vilele vya Kibo na Mawenzi vinatengana, na hapo ndipo watoto hushika somo. Juu wanabandika vipande vya gazeti kwa gundi ya unga wa ngano (kikombe kimoja, maji vinne, inachemshwa hadi iwe nzito).

Shida ni kitako. Upande wa juu tu ndio unalowa, hivyo ukikauka unakivuta. Kubandika gazeti na chini kunasaidia, ila kukauka kunachelewa, ukungu unaingia.

Plaiwudi ni ghali. Mnatumia kitako gani? Na chumvi ya kuzuia ukungu kwenye gundi, kiasi gani?