Kwa nini ndege yetu ndogo, Caravan, ilisubirishwa dakika tatu wakati njia ilikuwa tupu?

FundiBaridi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nakaa Tabata. Mara mojamoja tajiri ananikatia tiketi ya ndege ndogo kwenda Unguja, hoteli ikizidiwa na joto. Juzi pale Dar nikapewa kiti cha mbele kabisa, pembeni ya rubani. Tumefika ukingoni mwa njia ya kurukia, Dreamliner, lile dege kubwa la abiria, ikatupita kwa kishindo, ikaruka, ikaishia zake. Nikajua zamu yetu. Wapi! Rubani kaegemea kiti anatazama saa. Njia tupu, anga jeupe, hata kunguru hakuna. Nilipima kwa simu: dakika tatu ndipo tukaondoka. Nilipomuuliza alisema, "Nangoja hewa itulie." Hewa gani, jamani, na majani yalikuwa hayatikisiki?

Kipepeo_Kgb:
Ni sheria, mkuu. Ndege nyepesi nyuma ya ndege nzito, dakika mbili. Hiyo ya tatu ni simu yako ina haraka 😂

MzeeWaMnara:
Kijana, simu yako haina kosa. Nimestaafu sasa, ila nimekaa mnarani miaka 22 nikiongoza ndege, na swali hili niliulizwa hata na shemeji zangu.

Umewahi kupanda ngalawa, boti ya kasi ya Unguja ikapita karibu? Boti imeshafika mbali, bahari mbele yako ni shwari, halafu wimbi linakuja kukutikisa. Ndege nayo inaacha mawimbi. Hewa ya chini ya bawa ina mgandamizo mkubwa kuliko ya juu, kwa hiyo kwenye ncha inapenya kwenda juu na kujisokota. Kila ncha ya bawa inaburuza nyuma yake mkia wa hewa unaozunguka kama parafujo. Mikia hiyo huioni, inashuka polepole, na nguvu yake inafuata uzito wa ndege. Kwenye vitabu vyetu "nzito" inaanzia kilo 136,000, na "nyepesi" inaishia kilo 7,000. Dreamliner iliyojaa inapita kilo 200,000. Caravan yenu haifiki hata 4,000. Ikiingia kwenye mkia ule karibu na ardhi inaweza kulazwa ubavu, na usukani wa rubani usitoshe kuirudisha.

Na hayo majani kutotikisika ndiyo habari mbaya. Upepo ukiwepo, unaivuruga mikia na kuisukuma pembeni. Hewa ikilala, mikia inadumu muda mrefu zaidi. Jioni za namna hiyo sikuzipenda kabisa.

Sasa nijibu: mliingilia mwanzo wa njia au katikati?

FundiBaridi:
Katikati, mzee. Rubani aliomba mwenyewe, nilimsikia. Nadhani hakutaka kuzunguka hadi mwisho.

MzeeWaMnara:
Basi dakika yako ya tatu hiyo hapo. Kipepeo hakukosea: mkianzia sehemu moja na ile nzito ni dakika mbili. Mkianzia katikati ni tatu. Mikia inaanza pale kubwa inaponyanyua pua. Ndege ndogo ikianzia mwanzo kabisa, inakuwa imeshapaa kabla ya kufika hapo. Ikianzia katikati, inapaa palepale mkubwa alipopaa. Marubani wa ndege ndogo wanapenda katikati kwa sababu wanaokoa mafuta, halafu wanakuja kuniuliza redioni mbona unanichelewesha. Nilikuwa nawajibu kwa upole, ila si siku zote.

Njiwa_Wilson:
Sisi wa Nairobi tunaona ndege nyingi zikipita juu ya mabati yetu kila asubuhi. Machi 2024 Cessna ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana hewani, wawili wa Cessna wakafariki, Dash 8 ikarudi uwanja wa Wilson salama. Mzee, hewani mnatumia saa pia?

MzeeWaMnara:
Poleni. Ajali hiyo siisemei, sikuwa kwenye kiti. Kwa kawaida hewani tunatumia futi 1,000 juu na chini, au maili za baharini kwenye rada: tano, na karibu na uwanja zinaweza kuwa tatu pale rada inaporuhusu. Ndege nyepesi ikija kutua nyuma ya nzito tunaisogeza hadi maili sita, kwa sababu ya mikia ileile. Lakini rubani anayeruka kwa macho akisema "namuona wa mbele", nafasi anailinda yeye mwenyewe, sisi tunampa tahadhari tu. Utaratibu halali, ila mimi haukuwahi kunipa usingizi. Kuona ndege si sawa na kuona hewa yake.

FundiBaridi:
Mzee, shikamoo yako hii! La mwisho. Tulipofika Unguja kuna kubwa ilitua mbele yetu. Rubani akaja juujuu, akapitiliza alama nyeupe, akagusa lami mbele sana. Nikajua hajui kazi.

MzeeWaMnara:
Marahaba. Kubwa ikishagusa lami, mabawa yanaacha kubeba na mikia inakoma. Rubani wenu alipita juu ya njia ya ile kubwa, akatua mbele ya pale ilipogusa. Ukipanda naye tena, mwachie kiti cha dirishani akitaka.

Kipepeo_Kgb:
Rubani tayari ana dirisha, mzee 😂