"Overburden": ni mzigo gani huo?

Mfasiri wa Zamu
Wakuu, natafsiri mwongozo wa mgodi wa wazi wa makaa ya mawe. Kamusi inasema "overburden" ni kulemea kupita kiasi. Mwongozo unaliita udongo na mawe. Sura ya ulipuaji nayo inataja "burden" ya mita 7. Neno limetoka wapi, na je, ni kitu kimoja?

Kamusi Ndefu
"Burden" ni Kiingereza cha kale, kutokana na kitenzi beran, kubeba. Ni mzigo. (Kibwagizo cha wimbo pia huitwa "burden", lakini hicho kimepitia "bourdon" ya Kifaransa, usikihesabu.) Kitenzi "overburden", kumtwisha mtu asichokiweza, kilitangulia. Migodini "over" haina maana ya kuzidi, ni "juu ya" tu: mzigo uliolalia makaa. Andika "tabaka funiko".

Likishang'olewa na kutupwa kando linabadilika jina, linakuwa "spoil". Chimbuko lake ni spolium ya Kilatini, ngozi iliyochunwa kwa mnyama, baadaye silaha alizovuliwa adui. Sisi tunalo "kifusi", linatosha, ingawa kuchuna ndiko hasa kazi yenyewe.

Tundu la Baruti
Si kitu kimoja kabisa, na ukivichanganya utaumiza watu. "Burden" ya ulipuaji ni umbali kutoka tundu la baruti hadi uso wa mwamba ulio wazi. Kwa kawaida ni mara 25 hadi 35 ya kipenyo cha tundu, kwa hiyo mita 7 zako zinafaa tundu la milimita 250. Umbali ukizidi, nguvu hukosa pa kutokea: ardhi hutikisika na chini hubaki kisiki cha mwamba. Ukipungua, mawe huruka.

Tabaka funiko hupimwa unene. Mita 24 juu ya makaa ya mita 2 maana yake kila mita ya mraba unaondoa mita za ujazo 24 upate tani 2.6 za makaa, yaani kama mita za ujazo 9 kwa tani moja. Hapo mwamba haujavunjwa; ukivunjwa huumuka, na jaa la kifusi lazima liwe na nafasi ya ziada.

Mfasiri wa Zamu
Shukrani. Basi hiyo ya baruti niiite "kina cha kusukuma"?

Tundu la Baruti
Kina hapana, fundi atapima kwenda chini. "Umbali wa tundu hadi uso wazi." Refu, lakini halikosewi.