Mrejesho: jina la picha moja iliyotokana na picha nyingi

Niliuliza picha iliyotengenezwa kwa kuunganisha picha kadhaa inaitwaje, kwa kuwa nilihitaji kuandika maelezo ya picha yangu ya magofu ya Kaole, hapa Bagamoyo. Nawashukuru mlionijibu. Nimebaini kwamba jina hutegemea namna ya kuunganisha: zikipangwa pamoja na mipaka yake ikaonekana, ni kolaji, zikipigwa huku kila moja ikirudia sehemu ya mwenzake, kisha zikaungwa ziwe mandhari moja pana, ni panorama, zikichanganywa hadi mtazamaji adhani ni tukio moja, ni fotomontaji, kazi ambayo mpiga picha Oscar Rejlander aliifanya Uingereza mwaka 1857 kwa negativu (picha ambazo mwanga na giza vimegeuzwa, zinazotumika kuchapia picha) zaidi ya 30. Yangu ni panorama, ingawa fundi aliyenisafishia picha hiyo bado anaiita kolaji.