Printa imelala likizo nzima: ijisafishe yenyewe, niisafishe kwa mkono, ao niipeleke kwa fundi?

Mwalimu wa Katuba
Jambo yenu wote. Ninafundisha darasa la tano hapa Lubumbashi, na mazoezi ya watoto ninayachapa mwenyewe nyumbani. Shule ilipofungwa mwanzoni mwa Julai nilifunika printa zangu mbili kwa kitenge, nikaenda Likasi kwa wazazi. Nimerudi mwisho wa Agosti nikakuta vumbi jekundu limepenya mpaka chini ya kitenge. Maandishi yanatoka na mistari myeupe katikati, na rangi ya njano haitoki kabisa. Printa moja ni ya tanki, ya kumimina wino wa chupa. Nyingine ni ndogo, ya kartushi mbili. Masomo yanaanza wiki ijayo. Ninyi mliopita hapo, mnachagua njia gani, na kwa nini?

Fundi Kamalondo
Mwalimu, kabla ya njia uliza kwanza kichwa, kile chenye matundu ya kutolea wino, kiko wapi. Kwenye printa ndogo za kartushi mbili, kama zile za Canon zinazokula PG-445 na CL-446, ao HP nyingi za nyumbani, matundu ya wino yako chini ya kartushi yenyewe. Ukinunua kartushi mpya umenunua na kichwa kipya. Kwenye ya tanki kama Epson L3150, kichwa ni cha mashine, na kikifa bei yake inakusogeza karibu na printa nyingine. Kwa hiyo ile ndogo unaweza kuijaribia mambo. Ya tanki, taratibu.

Ya tanki ningeiacha ijisafishe, lakini kwa kipimo. Toa kwanza ukurasa wa kupima matundu, uone mistari gani imekatika. Safisha mara moja, pima tena. Ikifika mara tatu bila nafuu, simama. Iache saa 12 bila kuchapa, kisha upime upya. Wino uliokauka unahitaji muda wa kulowana, na viputo vya hewa vinahitaji muda wa kupanda. Watu wengi wanaharibu hapa: wanabonyeza mara kumi mfululizo kwa hasira. Kila usafishaji unanyonya wino wa kweli na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Sponji ikijaa, printa inakataa kazi yote, hata kama kichwa ni kizima.

Kuna pia usafishaji mkubwa, unaupata kwenye programu ya printa ndani ya kompyuta. Huo unasukuma wino wote wa kwenye mipira inayotoka tanki kwenda kichwa. Usiuguse kama tanki hazijafika theluthi moja, maana utavuta hewa, na ukishaufanya ungoje saa 12 nyingine kabla ya kurudia.

Mama Sekretariati
Mwalimu, pole na safari. Nina miaka mingi kwenye kazi ya kuchapa na fotokopi, na ninakubaliana na fundi. Lakini mimi ninataka kusema juu ya kuzima. Hapa kwetu umeme unakatika printa ikiwa katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi njiani. Pahali pake pa kulala ni pembeni, kwenye kifuniko cha raba kinachozuia matundu yasikauke. Kikibaki wazi usiku mmoja wa Julai, baridi kavu namna hii, asubuhi unaanza kulia. Umeme ukirudi, washa printa hata kama huna kazi, ngoja kichwa kirudi pembeni, ndipo uzime kwa kitufe chake. Usizime kwa kuchomoa waya. Mimi niliishia kununua onduleri ndogo, ile ya betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, na sijutii.

Na likizo ijayo muachie jirani karatasi. Kila wiki achape ukurasa mmoja wenye rangi zote nne. Wino wa ukurasa huo ni kidogo sana ukilinganisha na unaomwagika kwenye kusafisha.

Kijana wa Kampemba
Mimi ninasema mkono unashinda. Ile ya kartushi: toa kartushi, kunja karatasi laini ya jikoni mara kadhaa, ilowanishe kwa maji ya vuguvugu, simamisha kartushi juu yake matundu yakiangalia chini, dakika mbili tatu. Utaona wino unachora alama kwenye karatasi. Kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na usiguse zile shaba za umeme kwa vidole. Maji natumia ya betri, na yakishindwa naweka alkoli ya duka la dawa.

Fundi Kamalondo
Mdogo wangu, njia yako ya karatasi ni nzuri, lakini maji ya betri hapana. Sokoni chupa mbili zinafanana, moja ina maji safi, nyingine ina asidi, na maandishi yake mara nyingi yamefutika. Nunua maji ya sindano kwenye duka la dawa, vile vichupa vidogo vya kuvunja shingo. Hayana chumvi wala chokaa. Maji ya foraji, yale ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, yaacheni kabisa, angalieni tu chokaa ndani ya birika zenu. Alkoli nayo inakausha raba za kifuniko na za kufutia kichwa. Kwenye kartushi uliyokwisha kuikatia tamaa sawa, jaribu. Kwenye ya tanki sikubali.

Mama Sekretariati
Na wino, Mwalimu. Usichanganye wa chupa isiyo na jina na ule uliobaki ndani. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka kabisa na kuna wino wa chembe. Canon ya tanki kama G2010 inatumia mweusi wa chembe, lakini L3150 rangi zote ni za kuyeyuka. Ukimimina wa chembe kwenye mashine isiyoujua, unaziba matundu wewe mwenyewe.

Mwalimu wa Katuba
Aksanti sana, fundi, mama, na ndugu yangu wa Kampemba. Ya tanki niliisafisha mara mbili jioni, njano ikatoka nusu. Nilitaka kuendelea, nikakumbuka sponji, nikaiacha ilale. Asubuhi nilisafisha mara moja tu, na sasa ukurasa wa kupima umekamilika isipokuwa kamstari kamoja ka njano. Usafishaji mkubwa sikuufikia. Kartushi nyeusi imepona kwa maji ya sindano. Ya rangi nimeilowanisha mara tatu, nyekundu bado imegoma, kesho nitatafuta mpya mjini. Mazoezi ya hesabu yamekwisha kutoka yote.

Fundi Kamalondo
Hako kamstari kaache. Chapa kazi zako za kawaida siku mbili tatu, upime tena.